Fundi Aliyenyanyuliwa na Shukrani

Fundi baiskeli alifungua duka lake akiwa amechelewa, kama alivyokuwa akichelewa kwa miezi mingi sasa. Alisukuma mlango wa bati mpaka ukakwama pale unapokwama siku zote, akaupiga teke la chini, ukakubali. Akaitoa pampu na kuisimamisha kando ya kizingiti. Akachukua fimbo ndefu yenye ndoano, akayatungua matairi mawili kutoka kwenye boriti za paa na kuyatundika nje, ili wapita njia wajue kwamba duka bado ni duka. Kisha akakaa kwenye stuli, akaweka mikono mapajani, akaitazama barabara. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya asubuhi, na alikuwa ameshaimaliza.

Hakuwa mgonjwa. Alikula vizuri, alilala fofofo, na mtu akimsalimia aliitika. Moyo wa kazi tu ndio uliokuwa umemtoka, na hakujua umetokea mlango gani. Zamani alikuwa mtu wa kuota breki usingizini na kuamka na jawabu. Siku hizi spana ikimponyoka aliitazama pale ilipoangukia, akaona hata pale chini inapendeza.

Nyuma ya duka palikuwa na chumba kidogo kisicho na dirisha, kilichotengwa na pazia la kahawia lililoning'inia kwenye waya. Kutoka huko ilisikika sauti nyembamba, ting, ting, tang, kisha kimya kifupi, kisha ting. Mkewe alikuwa kazini tangu yeye hajamaliza chai.

Mteja wa kwanza alikuwa mchukuzi wa mikate, mtu wa haraka, ambaye baiskeli yake ilibeba sanduku la mbao kwenye keria na kupita kwenye kila shimo la mji. Alikuja kuchukua gurudumu lake la mbele. Fundi akanyanyuka kwa uvivu, akapenyeza mkono nyuma ya pazia, akapewa gurudumu, akalitoa. Mchukuzi akalishika ekseli kwa vidole viwili, akalizungusha, akaweka ukucha wa dole gumba karibu na ringi ili aone kama litagusa. Halikugusa. Lilizunguka kimya mpaka lilipochoka lenyewe.

"Ama kweli wewe ni fundi," alisema. "Limenyooka hata nashindwa kulitukana. Ahsante sana. Mkono wako haujawahi kuniangusha."

"Karibu," alisema fundi, na hapo akahisi kuwa sakafu haipo. Akainamisha kichwa. Sakafu ilikuwepo, ila ndala zake zilikuwa zimeachana nayo. Palikuwa na nafasi ya kupitisha spana.

"Umepanda kidogo, Fundi," alisema mchukuzi huku akikaza nati.

"Naona."

"Ndala mpya?"

"Hapana. Ni zile zile."

"Haya. Basi nitilie na upepo gurudumu la nyuma."

Fundi akajaribu, lakini kupiga pampu kunahitaji mtu awe amekanyaga mahali. Mchukuzi akaichukua pampu na kujitilia upepo mwenyewe, akaenda zake na mikate.

Siku ile walikuja watu wengine wenye magurudumu, kwa kuwa duka lile lilijulikana kwa magurudumu. Kulikuwa na maduka mengine ya baiskeli, makubwa zaidi, yenye vioo na mabango, lakini gurudumu lililopinda lilipelekwa kwa fundi huyu. Kila aliyelizungusha akaridhika alimshukuru, na kila aliposhukuriwa fundi alipanda kidogo. Kufikia jioni magoti yake yalikuwa sawa na meza ya kazi. Mkewe alifunga duka, akampitishia kamba kiunoni, akarudi naye nyumbani akiishika ile kamba kwa mkono mmoja na kikapu kwa mkono wa pili. Majirani waliwapa za jioni mmoja mmoja, wa chini kwanza.

Aliyeipata sababu ni kinyozi wa mlango wa pili, mtu aliyezoea kuangalia vichwa na kwa hiyo hakupata shida kuangalia cha fundi kilipokuwa. Kwa muda wa siku chache alisimama mlangoni pake na mkasi mkononi, akichunguza.

"Mtu akikushukuru kwa breki hupandi," alimwambia. "Jana yule mwenye cheni alikushukuru mpaka akakushika mkono, na ukashuka kidogo, nimekuona. Unapanda kwa magurudumu tu. Kwani hayo magurudumu yana nini?"

"Hayana kitu," alisema fundi.

"Mimi nasema nilichokiona."

Fundi aliona uso unawaka moto. Alijua magurudumu yana nini. Alijua tangu ndala zilipoachana na sakafu.

Miaka mingi nyuma, kibanzi cha chuma kilimrukia jichoni, akafungwa kitambaa nusu ya uso. Kunyoosha gurudumu ni kazi ya macho: unalizungusha, unatazama linapoegemea, unakaza spoku, zile njiti za gurudumu, upande huu na kulegeza upande ule. Kwa jicho moja hakuweza. Mkewe, ambaye wakati huo alikuwa akikaa mbele ya duka akiuza viraka na kengele, akachukua ufunguo wa spoku na kujaribu. Hakutazama. Alizigusa spoku kwa ukucha moja baada ya nyingine, akasikiliza. Iliyolegea ilitoa sauti nene, iliyokazwa kupita kiasi ilitoa sauti kali, na yeye alizipatanisha mpaka zote zikasema kitu kimoja. Gurudumu lilitoka likiwa limenyooka kuliko yote yaliyowahi kutoka dukani mle.

Wiki ile ile akaingia mstaafu mmoja, mzee wa kuheshimiwa, mwenye baiskeli nyeusi aliyoipenda kuliko wakwe zake. Alimkuta mke wa fundi mlangoni, gurudumu lake likiwa mapajani mwake.

"Fundi yuko wapi?" aliuliza yule mzee. "Mimi siwezi kuiweka mifupa yangu juu ya gurudumu lililonyooshwa na mama wa nyumbani."

"Ananishikia tu, mzee," fundi alijibu upesi, akiwa na kitambaa chake usoni. "Kazi ni yangu."

Mkewe aliuweka ufunguo wa spoku juu ya meza, taratibu, kama mtu anayeweka kitu cha mwenzake. Baadaye walikubaliana kwamba atafanyia kazi nyuma kwa muda, mpaka jicho lipone. Pazia alilishona yeye mwenyewe, fundi akafunga waya. Jicho likapona. Lakini sifa za magurudumu zilikuwa zimeshafika mitaa ya mbali, na hakuna aliyeona siku gani ingefaa kuliondoa pazia, kwa hiyo lilibaki. Wateja waliouliza ile sauti ya ting ting waliambiwa kwamba mama anapanga vipuri.

Akiwa pale hewani fundi alipata nafasi ya kufikiri, kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kufanya, na akaanza kuona ni mlango gani moyo wake ulitokea. Mikono yake ilikuwa imefundishwa kufanya kazi, naye akaifanya mikono ya kupokea gurudumu huku na kulitoa kule. Wateja hawakumvika kilemba cha ukoka. Walimsifu kwa dhati kabisa, na hilo ndilo lililomuumiza, kwa sababu kila sifa aliyopewa aliipokea akijua mwenye sifa hiyo yuko nyuma ya pazia.

Wiki iliyofuata alijifunga mguu kwenye jiriwa iliyokazwa mezani kwa ukanda wa tyubu kuukuu ili asipande kupita kiasi. Wateja wakazoea kumnyooshea vitu juu. Mmoja alimwomba, kwa kuwa yuko huko huko, amkazie balbu ya duka iliyokuwa ikipepesa, naye akaikaza.

Asubuhi moja mkewe alitoka na kikombe cha chai, akampandishia. Fundi alipokipokea aliviona vidole vyake. Vilikuwa vimechomwachomwa, vingine vimefungwa vitambaa.

"Umefanya nini?"

"Macho, Baba Watoto. Masikio yananyoosha, lakini kutafuta tundu la spoku ni kazi ya macho, na mle ndani hamna mwanga. Siku hizi natafuta kwa vidole." Akapangusa mikono. "Nataka kuileta stuli yangu hapa mlangoni. Kuna jua zuri hapa."

Fundi alipuliza chai ambayo haikuwa ya moto.

"Wateja je?"

"Wateja wanafuata gurudumu, hawafuati ndevu."

"Ngoja kwanza nishuke."

"Na ukishuka?"

"Tutaona."

Mkewe alingoja kikombe, akakipokea, akarudi nyuma ya pazia. Fundi alibaki na vile vidole machoni. Aliona haya hata ya kumeza mate.

Kuanzia siku ile akabadilika. Aliamka kabla ya kila mtu na kumwamsha mkewe ampeleke dukani. Alichukua kila kazi isiyokuwa gurudumu na kuifanya kwa mikono yake kana kwamba ameajiriwa jana. Alitoa gololi zote kwenye ekseli, akaziosha kwa mafuta ya taa, akazipanga kwenye kitambaa cheupe, akazirudisha kwa grisi mpya. Alibadilisha mipira ya breki ambayo zamani angeisugua tu na kuirudisha. Alichemsha cheni. Tyubu alizitia viraka vilivyokatwa kwa mviringo, akizisugua kwa msasa kama ipasavyo na kungoja gundi ikauke, jambo ambalo mafundi wengi hulisimulia kuliko kulifanya. Watu wakamshukuru kwa breki, kwa cheni, kwa pedali zilizoacha kulia, na kila shukrani ya aina hiyo ilimshusha kidogo.

Raha ilimrudia bila kubisha hodi. Alijikuta akipiga mluzi. Alijikuta ameacha chakula kipoe kwa sababu kuna breki moja inamfanyia kiburi. Kinyozi akasema fundi amerudi, na wateja wakasema duka limekuwa jipya. Kuna nyakati, kati ya gurudumu moja na jingine, aliweza kugusa sakafu kwa ncha za vidole vya miguu. Hapo akaanza kupiga hesabu yake ya kimyakimya: kwamba akijituma vya kutosha, akafanya kazi yake mwenyewe kwa wingi na kwa uzuri, labda jambo lile lingine lingejisawazisha lenyewe pasipo mtu kusema chochote.

Alijaribu na njia ya katikati. Siku moja alijifungua ukanda, akajivuta kwa kushika meza na ukuta mpaka nyuma ya pazia, akamwomba mkewe amfundishe.

"Sikiliza," alisema mkewe, akazigusa spoku mbili. "Hii na hii. Unasikia?"

Fundi alisikiliza kwa masikio yote aliyokuwa nayo. Zote zilisema ting. Alinyoosha gurudumu moja kuanzia asubuhi mpaka jua la mchana, na alipolizungusha lilicheza kama mlevi anayetafuta mlango wa nyumbani kwake. Mkewe alilichukua, akalirekebisha, hakumcheka wala hakumlaumu. Fundi alitamani angalau angemcheka.

Basi ikafika habari kwamba chama cha wachukuzi wa mikate kimeamua baiskeli zote za wanachama zihudumiwe pale, na kwamba watakuja wote kumshukuru fundi rasmi. Asubuhi ya siku ile fundi alimwambia mkewe, wakiwa bado nyumbani, yeye akiwa ameshika fremu ya kitanda ili wazungumze wakitazamana.

"Leo nasema."

"Unasema nini?"

"Nasema magurudumu ni yako. Wakiwa wamejaa wote nitasema, na wewe utatoka na stuli yako, ukae mlangoni. Nimekata shauri."

"Mbele ya wote?"

"Mbele ya wote."

Mkewe alipotoka kuoga alivaa gauni lake la kutokea, la buluu, akajifunga kilemba kilichopigwa pasi, na njiani alitembea kwa haraka mpaka kamba ikakaza.

Wachukuzi walikuja na baiskeli zao, wakajaa dukani na nje mpaka kwa kinyozi. Mwenyekiti wao alikuwa na sauti ya kuita watu kutoka mtaa wa pili. Alisema mikate ya mji huu haijawahi kumwagika tangu fundi huyu aanze kunyoosha magurudumu. Fundi akapanda. Alisema wanachama wake wanalala usingizi kwa sababu ya mikono ile. Fundi akapanda tena, ukanda wa tyubu ukavutika, mguu ukauma. Nyuma ya pazia hapakuwa na ting wala tang. Fundi alijua kwamba mkewe amesimama.

"Jamani," alisema fundi. "Nina neno."

Wakanyamaza. Hata kinyozi, aliyeacha kichwa cha mtu nusu, alinyamaza. Fundi alipata maneno yote mdomoni, yako tayari, yamepangwa. Yalikuwa machache tu: mke wangu ndiye anayenyoosha.

"Kabla hajasema," ilitoka sauti kutoka kwenye kiti, kwa kuwa mwenye sauti alikuwa amepewa kiti. Ilikuwa ya yule mzee mstaafu, amezeeka sana sasa, amekuja na fimbo. "Mimi ndiye mteja wake wa zamani kuliko ninyi nyote. Namjua huyu. Hata alipokuwa na jicho moja, kazi alifanya mwenyewe. Watu walisema mengi wakati ule, oh, kuna mwanamke anamsaidia. Nikamwuliza usoni, akaniambia. Sivyo, Fundi?"

Watu wote waliinua nyuso. Zilikuwa nyuso zenye furaha, zinazomtakia mema, na fundi akahisi kwamba hakuna kitu kigumu duniani kama kumwaibisha mzee mbele ya watu, au angalau hivyo ndivyo alivyojiambia.

"Ndivyo, mzee," alisema.

Ukanda wa tyubu ukakatika. Fundi akapanda mpaka kichwa chake kikagonga bati, akatulia huko kati ya matairi na vumbi. Watu wakapiga makofi. Kutoka pale juu aliweza kuona jambo ambalo hakuwahi kuliona, kwa kuwa waya wa pazia ulikuwa chini ya paa: aliona ndani ya chumba cha nyuma. Mkewe alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwenye pazia, na gauni lake la buluu, ameikumbatia stuli tumboni. Alikuwa akimtazama. Macho yake, mabovu kama yalivyokuwa, yalimwona vizuri.

Kisha aliiweka stuli chini. Akatoka, akawapita wachukuzi akiomba njia, akachukua ile fimbo yenye ndoano, akainasa kwenye mkanda wa suruali ya mumewe na kumshusha taratibu mpaka kimo cha kuongea na watu.

"Hongera, shemeji," alisema mwenyekiti. "Fundi amepata mke wa kumtunza."

"Mke kama huyu ni bahati," alisema mzee mstaafu.

Wote wakampigia makofi na yeye. Mke wa fundi akasema ahsanteni, na miguu yake haikutoka ilipokuwa.

Walipoondoka fundi alimfuata mpaka nyuma, akijivuta kwa meza na kwa ukuta.

"Mama Watoto, yule mzee..."

"Nilimsikia."

"Nitasema siku nyingine. Nakuapia. Mzee akiwa hayupo."

"Kuna magurudumu ya wachukuzi hapa," alisema mkewe. "Yote wanayataka kesho."

Kesho yake, kabla ya kitu kingine chochote, fundi alinunua taa kubwa kuliko zote zilizokuwepo sokoni, akavuta waya mwenyewe, akaifunga juu ya mahali pa mkewe. Aliifunga vizuri, skrubu zote zimenyooka, swichi iko mkono wa kulia anapoifikia bila kunyanyuka. Chumba kikawaka mpaka nyuzi za pazia zikaonekana. Mkewe alitazama juu, akafumba jicho moja.

"Ahsante," alisema.

Na kwa kuwa taa ile fundi aliifunga kweli kwa mikono yake, nyayo zake zikashuka na kukanyaga sakafu, zote mbili, kisigino na vidole, kwa mara ya kwanza tangu siku ya mchukuzi wa mikate. Akafurahi. Alijisikia mwepesi na mzito kwa wakati mmoja, mtu kamili, na papo hapo akaona aibu ya kufurahi, akatoka mbele haraka kwenda kuchemsha cheni.

Tangu hapo duka limeendelea vyema. Fundi hufungua asubuhi na mapema, na mlango alioutengeneza haukwami tena. Huvaa kiunoni cheni mbili za pikipiki alizopewa na kinyozi, zinamvuta kurudi chini kwenye siku za kawaida, na wiki ya wachukuzi huongeza ya tatu. Wateja wakija na gurudumu hushukuru kwanza, kisha hungoja apande na kushuka, ndipo huendelea na maongezi. Anaipenda kazi yake. Akiulizwa husema kwamba kuna wakati alipoteza hamu, ikapita.

Mkewe hakuuliza tena habari ya mlangoni. Siku moja fundi aliingia nyuma akamkuta amesimama juu ya stuli, pini mdomoni, anashonea pazia kipande cha kitambaa upande wa juu. Kilikuwa cha rangi nyingine, kwa kuwa ile ya kahawia haipatikani tena madukani.

"Mbona unaliongeza?"

"Vumbi la kwenye bati," alisema mkewe, akitoa pini moja mdomoni. "Linaangukia kazi."

"Ungeniambia nikufungie. Mimi ndiye ninayefika juu."

"Nimeshamaliza."

Mchana ule mchukuzi wa mikate akaja kuchukua gurudumu lake. Alilizungusha, akaweka ukucha wa dole gumba, halikugusa. Akasema mikono kama hii haizaliwi mara mbili. Fundi akasema karibu sana, akaanza kupanda. Alipofika kwenye bati aligeuza kichwa upande wa nyuma, na hapakuwa na kitu cha kuona ila kitambaa.